Mji wa Mwisho wa Mwalimu Mwanaidi

Mwalimu Mwanaidi anavaa miwani ya mchezo wa kompyuta aliouunda Zawena kwa nia mbaya, wala hajidanganyi. Kabla ya mapumziko, Mkuu wa shule ataamua nani afundishe historia Kidato cha Tatu: yeye mwenye miaka ishirini na sita ya chaki, au Zawena, mwanafunzi wake wa juzi tu na sasa mwalimu mwenzake, ambaye watoto wanamkimbilia hata kengele haijalia. Kijicho kinamkereketa. Anatafuta kosa moja tu la kumpelekea Mkuu, aliyemwomba aukague mchezo huo. Anakaza mkanda, darasa linazimika, na mguu wake unakanyaga Kilwa ya miaka mia saba iliyopita, chokaa bado mbichi kutani, wafua shaba wanagonga, na yeye anakagua jiwe kwa jiwe, hapati kosa, na kutopata kunamuuma zaidi. Mlangoni amesimama mtu wa kanzu na kilemba, uso hana. Kitendawili, anasema. Tega, anajibu Mwanaidi kabla hajafikiri. Sahani yangu haijapakuliwa wali hata siku moja. Bakuli la Kichina lililojengewa ukutani kuwa pambo, anasema Mwanaidi, hilo nani halijui. Mlango unafunguka, kuna barabara, na mwisho wa barabara kuna Kilwa ileile, kulia kumekuwa kushoto, na mtu yuleyule anamngoja. Kitendawili. Tega. Nilikigawa mwenyewe, sasa nakionea wivu. Mwanaidi anajaribu mali, anajaribu ujana, kilemba kinatikisika kukataa. Umeshindwa, nipe mji.

Ndiyo desturi, anayeshindwa hutoa mji, ila humu mji ukitolewa unaondoka kweli. Chukua Kilwa, anasema, na Kilwa inakunjwa kama mkeka, barabara inamfikisha Gedi. Kilwa sikuitaka, anasema yule mtu, nipe mwingine. Anatoa Gedi, anatoa Pate, anatoa Songo Mnara, kila mji unakunjwa na barabara inazidi kurefuka, mpaka pande zote ni mchanga mtupu. Umebakiwa na mmoja, anaambiwa. Mwanaidi anaujua. Huo sikupi, anasema, labda nife. Basi tukae. Wanakaa, na kukaa hakuna mwisho, na jibu analitaka kuliko maji. Haya, chukua, anafoka, chukua Kidato cha Tatu.

Nimekwenda Kidato cha Tatu, anaanza yule mtu kwa madaha, nimekula, nimekunywa, nimemkuta mwalimu kijana hana daftari mkononi, anawatega wanafunzi vitendawili vya miji ya kale, nao wanagombania kujibu, na dawati la mbele ameketi Zawena, kinywa wazi. Kipaji hicho ndicho ulichokigawa, ukampa yeye. Mwanaidi anamwona yule mwalimu. Ni yeye, kabla hajaanza kusomea watoto notisi zilezile kila mwaka. Wivu wote unamwacha Zawena, unamgeukia yule mwanamke kijana anayecheka na darasa lake, na huo unachoma kuliko wa kwanza.

Mikono inamvua miwani. Umeonaje, Mwalimu wangu? anauliza Zawena, na sauti yake ina woga wa mwanafunzi. Mkuu naye yuko dirishani. Haya, Mwalimu Mwanaidi, kosa umeliona? anauliza Mkuu. Sijaliona, anasema. Darasa mpe yeye. Anangoja ajibiwe, lakini mwanga wa dirisha ni mkali, na hata akikaza macho vipi, haoni Mkuu ana uso gani.