Eluned Benchi Ataka Jina Jipya

Katika kijiji cha Cwmbedw, huko Wales, kuna akina Emlyn Jones watano, kwa hiyo kila mmoja amebandikwa mkia wa jina. Kuna Emlyn Mikate mwenye duka, Emlyn Jeneza anayezika watu, na Emlyn Benchi, aliyewahi kuichezea Wales raga. Kuichezea ni neno la heshima tu. Alikaa benchi karibu mechi nzima, akaingizwa mwishoni, na kabla hajaugusa mpira refa akapuliza filimbi. Kofia ya taifa, anayopewa kila aliyeichezea Wales, wakampa hivyo hivyo, na kishada chake.

Mwenye kuumia hakuwa yeye, ni mkewe. Huko mke hurithi mkia wa mumewe, na Eluned alishachoka kuitwa Eluned Benchi hadi kanisani.

"Jumamosi wazee wa mlimani wanacheza na wazee wa bondeni," alimwambia. "Ingia, funga trai, tupate jina la maana."

"Mke wangu, kwa umri huu? Goti linalia kama mlango!"

"Liache lilie. Na utavaa bukta yako ya Wales."

"Mpira wa kiunoni umelegea."

"Kama mwenyewe. Vaa!"

Jumamosi ikaja na mvua na matope. Emlyn alijibanza nyuma ya wenzake wanene, akijiombea tu amalize salama. Mara mpira ukamdondokea mikononi. Akashtuka, akatimua mbio. Emlyn Jeneza, aliyechezea bondeni, akamrukia kwa nyuma, akaambulia bukta. Mwenzetu hakugeuka. Akaenda hivyo hivyo, mweupe kama unga wa ngano, hadi kwenye mstari, akaukandamiza mpira chini. Trai safi kabisa!

Uwanja mzima ukakodoa macho. Kisha mtu akaanzisha wimbo wa kanisani, wote wakaupokea kwa sauti zote nne. Mke wa mchungaji alijiziba macho, ila vidole vilikuwa vimeachana.

Jumatatu Eluned akaingia buchani kifua mbele.

"Mume wangu amefunga trai, kama hamkuona."

"Trai?" mchinjaji akawageukia wateja. "Jamani, kulikuwa na trai?"

"Labda," akasema mke wa mchungaji. "Mimi nilikuwa natazama kwingine."

"Haya, karibu, Eluned Bila Bukta," akasema mchinjaji, kisu mkononi. "Nikukatie paja, au nyama ya nyuma?"

Eluned akaiva uso hadi masikioni.

"Nipe maini," akasema, "na ufunge huo mdomo."