Kengele ya Mhadhara wa Alhamisi

Kila Alhamisi alasiri chuo kilifungua ukumbi wake kwa umma, aje kila anayetaka kusikiliza habari za siasa, mazingira, fikra na mengineyo yanayowatoa wasomi povu. Kuingia bure, viti tele. Kilichokosekana ni mtu wa kuwashusha wahadhiri jukwaani. Wiki iliyopita mtaalamu wa kutunza maji alizidisha saa nzima na kumaliza chupa nne peke yake, huku wanafunzi wa uuguzi wakingoja nje waingie kufanya mtihani. Mkuu wa chuo akanunua kengele, akamkabidhi karani wa mitihani, binti mpole ambaye wenzake walimwita Bi Saa kwa kuwa hakuwahi kuchelewa.

"Dakika arobaini," mkuu alimwambia. "Ukipiga mara tatu na hashuki, zima maikrofoni. Hata awe nani. Ukianza kuwaonea watu haya, nirudishie kengele yangu."

Siku ile ilikuwa rahisi kukubali. Leo mhadhiri alikuwa baba wa mchumba wake.

Mzee huyo, profesa mstaafu, hakuwa amesema ndiyo wala hapana kuhusu ndoa. Alichosema ni kwamba lazima amwone huyo binti kwanza, na kwamba ataonana naye baada ya mhadhara. Asubuhi mchumba alipiga simu.

"Leo usije ukaharibu, mpenzi. Mzee hapendi kukatizwa. Nyumbani hata chakula kinamngoja amalize kusema."

"Unajua nani anapiga kengele leo?"

"Nani?"

Akamwambia.

"Basi piga polepole," mchumba alisema. "Kama unaomba radhi."

Mada ilikuwa kwa nini viongozi hawajui kuondoka madarakani. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: mzee alianza vizuri mno. Watu walicheka, wakapiga makofi. Mstari wa mbele mkewe alikaa na mkoba magotini, ametulia kama abiria anayejua safari bado ndefu. Dakika ya thelathini na tano Bi Saa aliinua kadi ya kuonyesha zimebaki tano. Mzee aliitazama kama anatazama nzi, akafunua ukurasa mpya.

Dakika ya arobaini alikuwa ameinua kidole juu. "Watu wetu," alinguruma, "wanahitaji mtu mmoja tu mwenye ujasiri wa kumwambia mkubwa: muda wako umekwisha!"

Kengele ikalia.

Ukumbi mzima ulivunjika mbavu. Mzee hakucheka hata kidogo. "Namalizia," alisema.

Mkewe aliguna. Neno hilo alikuwa amelisikia kwa miaka thelathini na mmoja.

Baada ya dakika tano ikalia ya pili. "Namalizia, binti! Mbona una haraka kama umeacha chungu jikoni?" Akaingia habari za wafalme wa kale. Wanafunzi wa uuguzi, ambao leo tena walikuwa na mtihani humo, wakaanza kuchungulia madirishani. Ilipolia ya tatu, mzee alinyoosha mkono kuinyamazisha bila hata kugeuka.

Bi Saa alimtafuta mchumba wake kwa macho. Alikuwa amezama kitini mpaka likabaki paji la uso tu. Bi Saa aliitaka ndoa ile, tena sana. Hata rangi ya mapazia alikuwa ameshachagua. Lakini dirishani alimwona msichana mmoja amekumbatia rula na kalamu, anaitazama saa ya ukutani huku midomo inamtetemeka. Liwalo na liwe, alijisemea, akazima.

Mzee alitoa sentensi mbili zaidi ambazo hakuna aliyezisikia. Akaigonga maikrofoni. Akaipuliza. Ndipo akageuka, kwa mara ya kwanza, akamtazama mpiga kengele usoni.

Kibarazani mchumba alimtambulisha kwa sauti ya mtu anayeleta habari za msiba. "Baba, mama, huyu ndiye yule niliyewaambia."

"Wewe ndiye uliyenizima?" mzee aliuliza.

"Nisamehe, baba. Muda ulikuwa umekwisha."

"Nilikuwa namalizia!"

Mkewe alimsogeza pembeni, akamshika binti mikono yote miwili. "Mwanangu, mimi nimejaribu kukohoa, nimejaribu kuzima taa, nimejaribu hadi kulala. Kumbe dawa ni kengele!" Kisha akamgeukia mumewe. "Jumamosi tunakwenda kuposa."

"Lakini mimi sijasema..."

"Umeshasema, baba watoto. Dakika hamsini na mbili."

Jumamosi wazee wa pande zote mbili walijaa sebuleni kwa kina Bi Saa. Baba mkwe mtarajiwa alisimama, akajikohoza, akachomoa mfukoni bunda la karatasi. "Nina maneno mawili tu," alisema, na wageni wakajiegemeza vizuri vitini.

Bi Saa alikuwa amekaa mikono mitupu, macho chini, kama posa inavyotaka. Mama mkwe ndiye aliyefungua mkoba wake. Alikuwa ameshanunua kengele ya kwake.

Mzee aliiona ikichomoza, mpya, inang'aa. Akazirudisha karatasi mfukoni.

"Tumempenda binti," alisema, akaketi.