Nenda-urudi

Bibi yangu ni mkaidi, na ukaidi wake nimeurithi mimi, kwa hiyo nyumbani kwetu amani ni ya kubahatisha. Tangu kamba za kitanda chake zikatike analala chini, mkekani. Kifua kinambana, anakohoa mpaka jirani anampa pole kupitia dirishani. Nilimsukia kitanda upya kwa nailoni, kazi safi, maana mimi ni fundi baiskeli, kukaza kitu najua. Akakibonyeza kwa kidole, akasema hapo alale mbuzi.

"Nataka nenda-urudi, mume wangu. Ule mmea mtambaa wa msituni, wa kusukia vitanda."

Mume wake ndiyo mimi mjukuu, tangu sijajua kufuta kamasi. Babu mwenyewe alikufa kabla sijazaliwa.

Kuuliza si ujinga, nikaingia mtaani. Msuka vitanda hakuwahi kulisikia jina hilo. Yeye alikuwa na mtambaa wake, anauita kaza-mgongo, anauloweka mpaka ulainike ndipo aupasue. Muuza kuni alinionyesha wa kufungia mizigo, eti mkia wa ngedere. Mwosha vyombo wa hotelini alikuwa na kipande kilichopondwa kikawa nyuzinyuzi, anasugulia masufuria. Akakiita povu la bure, kwa kuwa hakihitaji sabuni. Jamani, nilinogewa. Wateja wananiulizia baiskeli zao, mimi nawauliza majina ya mimea.

Kila kipande nilimpelekea bibi. Alinusa, akanirudishia, akasema siyo. Nilichemka moyoni, lakini hofu ilizidi hasira, kwani daktari alishatuambia wazi kwamba ile sakafu itamuua.

Nikaenda kwa wifi yake, dada wa marehemu babu, mwanamke ambaye mdomo haufungi hata akitafuna. Nikamwaga vipande vyangu mezani. Alicheka hadi akafuta machozi kwa kanga. Mmea ni mmoja huo, akasema, fundi mzima huoni? Huu mchanga, huu umekomaa, huu umepondwa tu. Na hilo jina nisihangaike kulitafuta mtaani, lilikuwa la watu wawili. Babu kila alipokwenda kuukata, bibi alimwambia nenda urudi. Akirudi, alibwaga mzigo mlangoni na kutangaza kwamba amerudi. Mwisho wakauita mmea wenyewe hivyo. Mpaka siku moja akaenda, mti ukamwangukia, watu wakamleta wamembeba. Mzigo wake ulibaki hukohuko msituni.

Nikakusanya vipande vyangu. Nilimwonea bibi huruma.

Kesho yake nikachukua panga, nikamuaga pale mkekani kwamba naenda msituni. Akasema kwa sauti ndogo, "Nenda urudi."

Nilikata mitambaa, nikajikata na kidole, nikatukana msitu mzima. Jua la mchana likinichoma kisogo, nikaubwaga mzigo mlangoni.

"Nimerudi!"

Alitoka akijishikiza ukutani. Akakaa kizingitini, akavuta mtambaa mmoja mapajani, akaanza kuupasua kwa kucha. Hakuunusa.

"Umechelewa, mume wangu," akasema. "Lete maji tuloweke."