Masikio ya Mkunga

Kila Jumamosi asubuhi mkunga mstaafu alikaa mbele ya redio yake ya ridhaa, ile ya kupokea na kurusha sauti hewani, kuzungumza na mdogo wake aliyeolewa ng'ambo, na kila Jumamosi sauti ya mdogo wake ilizidi kufifia. Mama yao alikufa kiziwi. Basi akajua zamu yake imefika. Hakumwambia mtu, ila mumewe akisema neno, alimkazia macho mdomoni.

"Mbona unanitazama kama nina makombo kwenye ndevu?" mumewe alimuuliza.

Uzalendo ukamshinda, akamwaga yote.

Mumewe alikuwa fundi viatu, redio hakuijua hata kidogo. Akakuna kichwa. "Lakini mke wangu, juzi si ulisikia bomba linadondosha maji uani, ukanitoa kitandani nikalifunge? Kiziwi gani huyo?"

Mkunga aliduwaa. Kama si masikio, basi ni kitu kilichoko kati ya redio mezani na antena juu ya paa.

Akafunga kipimo cha wati mezani, nyuma ya redio, na kopo la kumeza nguvu ya redio badala ya kuirusha kwa antena, akabonyeza kitufe cha kurushia. Sindano ikapanda hadi mia. Redio nzima! Akamwachia mumewe kitufe, akachukua kipimo na kopo, akapanda ngazi hadi ncha ya pili ya waya utokao redioni, kule juu unakoungana na antena.

"Bonyeza!"

"Nimebonyeza!" mumewe alijibu dirishani.

"Bonyeza sawasawa, baba watoto!"

"Kidole kinaniuma!"

Sindano ilikwama kumi na tano. Nguvu iliyobaki ililiwa njiani, na waya unaokula nguvu inayotoka hula pia sauti inayoingia. Akauchana ganda kwa wembe. Shaba ilikuwa kijani, na maji yakamchuruzikia mkononi. Alicheka peke yake juu ya ngazi mpaka jirani akatoka kuchungulia.

Wakavuta waya mpya. Jumamosi iliyofuata sauti ikajaa chumba kizima.

"Dada! Siku hizi unaitikia ndiyo, ndiyo tu. Nikajua umeninunia."

Mkunga alifunika uso kwa viganja, machozi yakipenya vidoleni. "Nikununie kwa lipi, mdogo wangu? Sema. Sema chochote."

Mdogo wake akaanza kulalamikia magoti, kisha wakweze, mmoja baada ya mwingine. Fundi viatu akaja kusimama mlangoni, sindano na kiatu cha mteja mkononi, asikilize naye.