Nyanya Aliyegeuzwa Mama Mkwe

Jerry alikuwa akiosha kikombe kile kile tangu asubuhi. Anakiosha, anakipangusa, anakirudisha kabatini, kisha anakumbuka Shantel yuko wapi na anakitoa tena. Mtu aliyekosa raha hahitaji kutembea mbali. Jiko la nyumba ya kupanga pale Kiamunyi lilimtosha kabisa.

Mke wake alikuwa ameenda Gilgil kwa mama yake, na mkobani alikuwa amebeba kitabu. Kitabu chenyewe kimeandikwa na Jerry, ni cha kuchekesha, kimetoka kwa mchapaji juzi juzi na bado kilinuka wino. Jaladani kuliandikwa Mama Mkwe Amefika. Shantel alikifungua akiwa amesimama kando ya sufuria, akasoma kurasa chache bila kutabasamu, akazima gesi na kusema anakwenda kumwonyesha mama. Jerry alimwomba wazungumze kwanza. Alijibiwa na mlango.

Asiyejua atauliza kuna ubaya gani. Kwao Jerry ni Wabukusu, na kwao mama mkwe hachezewi. Humpi mkono, huli naye meza moja, humtazami usoni. Mkikaribia kukutana njiani, mmoja wenu hupata shughuli ya ghafla upande wa pili. Watu wa mjini wamelegeza mengi, lakini si hilo. Namalwa, mama yake Shantel, alikuwa jirani yao zamani kwenye nyumba za reli, na Jerry akiwa mtoto alikula ugali wake mara nyingi tu, mpaka akasinzia hapo hapo kitini. Siku alipomposa Shantel, heshima iliingia kati yao, na tangu hapo anachokijua cha mama huyo ni sauti na viatu. Kumfanyia mzaha, tena kwa maandishi, ni neno la kuitisha kikao cha ukoo. Mke naye huwa anasubiri kwao mpaka kikao kiishe, na wengine husubiri huko moja kwa moja.

Cha kuudhi zaidi ni kwamba kitabu hakikuanza kikiwa cha mama mkwe. Kilikuwa cha Nafula, nyanya yake Jerry aliyeishi nao pale reli, ambaye sasa ni marehemu. Nyanya na mjukuu wana utani wao, na hakuna wa kuwauliza. Nafula alimwita Jerry mume wangu mbele za watu na kumshtaki kwamba haleti nyama nyumbani. Jerry alianza kuandika vituko vyake kwa mkono wake mwenyewe, akaenda vizuri, kisha akakwama, akaiita akili unde ya kwenye simu imsaidie.

Tuseme haki, ilimsaidia. Ilimpangia sura zake, ikamwonyesha pale alipokichelewesha kicheko, ikamwuliza maswali ya maana. Kosa lilikuja alipoiomba ikifanye kitabu kiwachekeshe watu wengi zaidi. Ilimjibu kwamba dunia nzima inapenda kumcheka mama mkwe, kwa hivyo kwa nini bibi huyu asiwe mama mkwe? Mashine imejifunza mizaha kwa watu wanaokula Krismasi na mama wakwe zao, ingejuaje? Lakini Jerry alijua. Aliisoma sura ya kwanza ilivyogeuzwa, akacheka mpaka akajipiga paja, akajiambia ni hadithi tu, akakubali kitabu kizima kigeuzwe. Tamaa mbele, wahenga walisema, na ile nusu ya pili ya methali ndiyo Jerry aliyokuwa akiisubiri jikoni.

Mchana ulipomshinda, aliichukua simu na kuiomba ile ile akili imwandikie maneno ya kumwomba mama mkwe msamaha. Ikaandika, tena vizuri, kwa unyenyekevu wa kutoa machozi. Mwishoni ikamshauri amkumbatie mama huyo kwa upendo, kisha amtoe wakale chakula cha mchana, wawili peke yao. Jerry aliilaza simu kifudifudi mezani na kuondoka karibu nayo.

Ikalia hapo hapo. Alikuwa Ndegwa, mchapaji wake wa mjini, na sauti yake ilikuwa imejaa sherehe.

"Boss, hii kitabu imeshika. Salon zote za hapa town zinaitaka. Hiyo story ya mama mkwe imemaliza watu. Nirudie kuchapa Monday?"

Miaka yote ya kuandika Jerry alikuwa ameyangoja maneno hayo, na sasa yalipofika hakuwa na mahali pa kuyaweka. Alimwambia Ndegwa asubiri, atampigia.

Alasiri geti lilifunguliwa. Jerry alichungulia akamwona Shantel, na nyuma ya Shantel akaona raba nyeupe anazozijua. Alirudi nyuma mpaka akaigonga friji. Namalwa hakuingia ndani, na hakuna aliyetarajia aingie. Aliomba kigoda, akakaa barazani na kuligeuzia dirisha la jikoni mgongo. Wajukuu, watoto wa Jerry na Shantel waliokuwa uani tangu asubuhi, walimkimbilia, akawapa ndizi, akawatuma wakacheze. Kisha akaanza kuzungumza na Shantel kwa sauti ya kufika ilikokusudiwa.

"Mwambie nimesoma yote. Mwambie nimecheka."

Jerry alishika ukingo wa sinki. Moyo wake haukutulia hata kidogo, maana mtu akianza kwa kukusifu hujui atamalizia wapi.

"Mwambie sijakasirika. Huyo wa kwa kitabu si mimi. Kila mtu wa reli anajua huyo ni nani."

Akaitaja sura ya kanisani, ile ambayo salon zote za mjini zilikuwa zinaicheka. Pasta amesimama mimbarini kwa hasira, anauliza ni nani aliyebeba viti vya kanisa. Mama mkwe, aliyekuwa akikoroma tangu zaburi, anazinduka na kupaza sauti: Mimi hapa, Bwana, nitume mimi. Namalwa alisema Jumapili hiyo alikuwa amekaa bega kwa bega na Nafula. Viti vilikuwa kwake yeye Namalwa. Alikuwa amejifungua Shantel, wageni wanakuja na hawana pa kukaa, akavichukua bila kuuliza akisema atavirudisha. Pasta alikuwa anauliza huku anamkazia macho yeye.

"Nafula hakuwa amelala," Namalwa alisema. "Aliniangalia, akafunga macho, akaanza kukoroma. Halafu akapiga hiyo kelele. Kanisa ikacheka, pasta mwenyewe akacheka, na hakuna mtu aliuliza tena. Miaka yote walimcheka, na hakuwahi kunitaja. Sasa kitabu inasema ni mimi nilipiga kelele. Mimi nilinyamaza."

Ndani, Jerry alikuwa akilia na hakujali nani anasikia. Alikuwa ameisimulia hadithi hiyo maisha yake yote, na kumbe hakuwahi kuijua.

Namalwa alisimama, akajifunga leso vizuri. Hakugeuka, lakini safari hii hakumtuma mtu.

"Jerry," alisema. "Siku nikifa, hawa watoto wako ndio wako na ruhusa ya kunicheka. Usiwafundishe kunipeana kwa watu wa nje wanicheke."

Jerry aliitika. Kisha aliichukua simu na kumpigia Ndegwa, akamwambia asichape hata nakala moja zaidi, na zile zilizobaki azirudishe. Ndegwa alidhani mtu amemroga. Alimkumbusha kwamba mama mkwe ndiye anayeuza, akimwondoa atabaki na nini?

"Na nyanya yangu," Jerry alisema. "Anaitwa Nafula. Na hakuwa amelala."