Likizo ya Krete, Thornton Heath

Siku ya nne ya likizo yake, Sesilia alikuwa amekaa sakafuni chumbani kwake Thornton Heath, London, mapazia yamefungwa, anatafuna mkate mkavu kwa sababu maziwa yalikwisha juzi na dukani hakuthubutu kwenda. Kwa watu wote waliomjua, wakati huo alikuwa Krete, kisiwa cha Ugiriki.

Na watu wasimlaumu, alijiambia mwenyewe. Miaka kumi na tisa alikuwa anawaogesha na kuwalisha wazee wa Kiingereza, likizo zake zote akizimalizia kwenye harusi na misiba ya wengine. Kisha akaona picha ya ufukwe mmoja kusini mwa kisiwa hicho: hauna hoteli, hauna miavuli, hauna hata kiti cha kukodi, ni mchanga tu na maji maangavu. Akasema nitakwenda nilale pale wiki nzima, asiniite mtu. Jumapili jumuiya yao ya Wakatoliki wa Tanzania ikakusanyika kwake kumwombea safari. Wakasoma waraka wa Paulo kwa Tito, maana Tito naye aliachwa Krete, wakaimba, wakala pilau, wakanyunyizia maji ya baraka mpaka sanduku.

Jumatatu, kwenye kaunta ya uwanja wa ndege, binti mmoja mpole akafunua pasipoti yake ya Tanzania ukurasa kwa ukurasa, akitafuta visa ya Ugiriki. Hakuiona. Sesilia akamweleza kwa sauti ya uenyekiti kwamba yeye ana kibali cha kudumu cha kuishi Uingereza. Binti akasema Uingereza ni Uingereza, Ugiriki ni Ugiriki. Ndege ikaondoka bila yeye.

Mtu mwingine angerudi nyumbani akalia, akapiga simu, akachekwa siku mbili, yakaisha. Lakini Sesilia ndiye mwenyekiti wa jumuiya, na ndiye anayewajazia wenzake fomu zote za uhamiaji. Visa, vibali, uraia, kila kitu hupita mikononi mwake. Humwita Mama Karatasi, naye hujifanya hapendi. Nani angempelekea fomu tena, yeye aliyeshindwa kusoma karatasi zake mwenyewe? Aibu ilimchoma mpaka masikio. Akaingia nyumbani kwa mlango wa nyuma, manyunyu yakimlowesha kofia ya jua, akajifungia.

Jioni ile ile akaanza kutuma picha alizozitoa mtandaoni. Watu wakamsifu Mungu kwa niaba yake. Mmoja akauliza mbona yeye mwenyewe haonekani, akajibu kwamba mpiga picha haonekani, na uongo ukamnogea. Lakini mchana hakuweza kuvuta maji chooni, kwa kuwa Haika wa jumuiya anakaa ghorofa ya chini yake na anasikia kila kitu. Hakuwasha taa wala redio. Akawa anasikiliza watu wakipanda basi nje, akawaonea wivu, na yeye ambaye tangu aje London hajawahi kuipenda zamu ya asubuhi, akaitamani.

Alhamisi hiyo Haika alipaswa kuja kumwagilia maua, Sesilia akamtarajia jioni. Saa nne asubuhi ufunguo ukazunguka kitasani. Sesilia akajibanza nyuma ya mlango wa chumba, mkate mkononi, akamsikia Haika akimwagilia maua, kisha akikaa kwenye kochi na kuanza kurekodi ujumbe wa sauti.

"Shikamoo mama. Niko hapa kwako, maua yako mazima. Mama, zile picha zimenimaliza. Nimemwonyesha mume wangu Philemon, akasema si Mama Karatasi mwenyewe ametuambia kibali cha UK kinatosha, visa ya nini? Basi ame-book. Flight ni kesho asubuhi, sisi wawili na watoto. Nimebadilishana shift na watu wanne. Usimwambie mtu, tutakukuta huko huko mchangani."

Simu ya Sesilia, iliyokuwa kimya, ikawaka kiganjani. Haraka haraka akaandika: msije, bahari imechafuka. Akatazama maneno hayo. Bahari ingetulia, na Haika angepanga safari mwezi ujao, na kaunta ingekuwa ile ile, watoto wakiwa wameshikilia ndoo zao za mchanga. Akayafuta. Alikuwa anaogopa kuliko alivyoogopa kitu chochote mwaka huo. Akafungua mlango.

Haika alishika kifua. "Yesu wangu. Mama? Umerudi lini? Umeumwa?"

Haika alikuwa ameshamwandalia jibu, kilichobaki ni kuitikia tu.

"Sijaumwa," Sesilia akasema. "Sikwenda. Walinirudisha uwanjani. Kibali hakitoshi, visa inatakiwa. Na nyinyi msiende, watawarudisha."

Akamweleza yote, mpaka picha. Kisha akasubiri kuchekwa. Alikuwa ameshajiandaa kwa kicheko, angeweza kukivumilia. Haika hakucheka. Aliliweka jagi la maji chini taratibu.

"Tiketi zimepotea basi, mama. Philemon atanuna, watoto watalia, yatapita. Lakini nikuulize kitu. Mwanangu Noel yuko Marangu kwa bibi yake, mwaka wa tatu sasa. Fomu zake za kuja huku umezijaza wewe, na tumezipeleka mwezi uliopita. Masharti yake uliyasoma yote?"

Sesilia alitaka kusema ndiyo. Alimtazama yule mama wa mtoto, aliyekuwa bado ameushika ufunguo wa nyumba yake, akakosa nguvu ya uongo mwingine.

"Niliyasoma kama nilivyosoma ya kwangu," akasema.