Mkia wa Mstari

Watu wakinisifu kwa ile picha, mimi hutazama viatu vyangu. Wao hudhani ni unyenyekevu. Laiti wangejua.

Mimi ni mwanasayansi wa misuli, na nikipata nafasi huandika hadithi za sayari za mbali, ambazo mhariri wangu anasema zina mashine nyingi kuliko watu. Miaka ile taasisi yetu ilipata kompyuta yake ya kwanza: makabati sita yanayovuma, chumba kizima, na pembeni meza yenye mkono wa chuma ulioshika kalamu. Ukiipa mashine tarakimu, mkono unachora. Wenzangu waliutumia kwa chati za mvua na mavuno. Mimi nilitaka uchore kitu ambacho mtu angekitundika sebuleni kwake bila kulazimishwa.

Nikahangaika mwaka mzima. Miduara, miraba, miraba ndani ya miduara, yote imenyooka na haina uhai. Mhariri alizigeuza karatasi zangu, akaguna. "Hivi si vigae vya bafuni?"

Ni wakati huo ndipo mkono wa kaka yangu ulipoanza kutetemeka.

Kaka ni mchora vibao. Kinyozi, fundi viatu, duka la dawa, mtaa mzima unasomeka kwa herufi zake, na ni herufi hizo zilizonisomesha mimi. Hatumii rula. Akifika mwisho wa mstari huigeuza brashi juu kidogo, ukabaki mkia mdogo. "Rangi isichuruzike," husema, ingawa mimi najua ni mbwembwe tu. Mkono ulipoanza kumsaliti, wateja wakaanza kumpita kama hawamjui.

Akaja kwangu. "Profesa," alisema. Huniita hivyo akinitania, na siku ile hakuwa na utani. "Wewe si ndiye mtu wa misuli? Hebu nitazamie huu mkono."

Nikamwambia aje kila Jumanne asubuhi, wiki kumi na mbili, asikose hata moja. Angechora mistari sita kwa kalamu niliyoiunganisha na kompyuta kwa waya, na kila mtetemo ungehifadhiwa kwenye tepi. Kisha ningechambua na kumpelekea daktari wa mishipa ya fahamu, ajue ampe dawa gani. Naapa, Jumanne ya kwanza nilimaanisha kila neno.

Alikuja zote. Alivaa shati lililopigwa pasi kana kwamba anakwenda kwenye usaili, akachora huku ameuma mdomo, kijasho chembamba kikimtoka. Akimaliza aliuliza swali moja tu. "Dawa itapatikana?"

"Itapatikana, kaka."

Wiki zilipotimia, nikailisha ile meza tepi zake, nione tu. Mkono wa chuma ukaanza kutembea, na mistari ikatoka ikipumua. Ilikuwa sabini na miwili, mmoja chini ya mwingine, kila mmoja na wasiwasi wake, na kila mmoja na mkia mwishoni. Mhariri aliitazama, akaiweka kwenye jalada la kitabu changu kipya. Magazeti yakaandika kwamba mashine imejifunza kuchora. Mkosoaji mmoja aliipa ile mikia aya nzima, akaiita lafudhi ya kompyuta. Nilicheka peke yangu ofisini, kisha aibu ikanishika nikafunga mlango.

Na uchambuzi? Kesho. Nilikuwa na hotuba, nilikuwa na mahojiano, kichwa kimevimba. Tepi zikarudi kabatini. Kaka akiuliza, nilimwambia majibu yako njiani. Karibu mwaka na nusu nilimdanganya mtu asiyejua kunitilia shaka.

Maonyesho yalipofunguliwa kwenye ukumbi wa taasisi, sikumwalika. Shemeji ndiye aliyeona tangazo gazetini. Wakaja mchana wamependeza, kaka mkono wake wa kulia mfukoni, ilivyokuwa desturi yake siku hizo. Nikawakimbilia niwapeleke kwenye vinywaji.

"Subiri kwanza," alisema. Alikuwa mbele ya picha. Akasogea mpaka pua ikakaribia kioo. "Huu mkia ni wangu."

"Mkia gani tena, baba watoto?" shemeji akauliza.

"Wangu. Na huu pia. Na yote." Akanigeukia. "Mdogo wangu, huu ni mkono wangu?"

"Ni wako," nikasema. "Nilitaka kukwambia."

Nilisubiri anigombeze. Badala yake akacheka mpaka watu wakageuka. Akautoa mkono mfukoni, ukitetemeka wazi mbele ya wageni, akamwonyesha mkewe. "Ona! Mimi nauficha, kumbe wenzangu wameuweka kwenye fremu!" Alifurahi, na furaha ile iliniuma kuliko kofi. Kisha akaniuliza, kwa sauti ya chini, "Haya, na daktari alisemaje?"

"Sikumpelekea."

"Bado?"

"Sijachambua, kaka. Hata tepi moja."

Mkono ukarudi mfukoni taratibu. "Picha sina neno nayo," alisema. "Vibao vyangu vyote havina jina langu, nimezoea. Lakini Jumanne ya tisa nilimwacha huyu hospitalini ana homa, nikaja kwako. Ulisema nisikose."

Shemeji akatazama kando. Mimi nilitazama viatu.

Wiki ileile nilikwenda naye kwa daktari, tepi na michoro kwapani. Daktari aliitazama mistari kwa muda wa kumalizia kikombe cha chai. "Mbona hii iko wazi kabisa," alisema. "Dawa ipo. Ila ikianza mapema, mkono hutulia vizuri zaidi. Vipimo hivi ni vya lini?"

Nikaanza kuikunja ile michoro.

"Vya mwaka juzi," kaka alijibu kabla yangu. "Mimi ndiye niliyechelewa kuja, daktari. Kazi zilinibana."